Mahaba ya Overoli: Siku Tatu Chini ya Mlima Meru

Nilikwenda Arusha kutafuta ukuta wenye kutu wa kupigia picha za uchumba. Nusura nirudi Dar bila mchumba.

Mpenzi msomaji, kabla hujanicheka naomba nikuulize swali moja, na unijibu kwa ukweli. Hujawahi kuvutiwa na mtu kwa sababu ya nguo zake za kazi? Fundi anayetoka chini ya gari, mikono myeusi kwa grisi, jasho linamteremka shingoni. Dada wa kiwandani aliyefunga kitambaa kichwani, mikono ya shati kaikunja mpaka kwenye viwiko. Kuna kitu pale, bwana. Unamwona mtu mwenye nguvu, asiye na maringo, anayekula jasho lake.

Mimi nilikuwa mgonjwa wa kitu hicho. Kazi yangu ni kubuni matangazo. Nashinda kwenye ofisi yenye kiyoyozi pale Posta, na kitu kizito kuliko vyote ninachonyanyua kwa siku ni kikombe cha kahawa. Labda ndiyo maana kila nikiona picha ya mfanyakazi wa kiwandani, moyo unaenda mbio.

Basi, miezi mitano kabla ya harusi yetu nikamletea mchumba wangu wazo. Badala ya kupiga picha za uchumba ufukweni kama kila mtu, twende kwao Arusha. Nilishaona kwenye Instagram wapendanao wa nchi nyingine wakipiga picha kwenye viwanda vilivyofungwa: vioo vilivyovunjika, mabati yenye kutu, mwanga unapenya kwenye matundu. Mimi ningevaa gauni jeupe, yeye overoli ya bluu. Na baba yake angekuwepo pia, maana mzee alifanya kazi kiwandani miaka 22.

Mchumba wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, tutaona."

Wanawake wenzangu mnajua. Mwanaume akisema "tutaona", ujue kuna jambo. Mimi nikaenda kununua overoli.

Ijumaa: mji wenye baridi na mlima wenye aibu

Tuliondoka Mbezi alfajiri na basi, tukaingia Arusha jioni huku miguu imevimba. Kama unatoka Dar, kitu cha kwanza kinachokupokea ni baridi. Cha pili ni Mlima Meru. Kilimanjaro ndio unaopigiwa kelele na dunia nzima, lakini Meru, mita 4,566, ndio unaoishi na watu wa Arusha. Una tabia ya bibi harusi: mchana unajifunika shela la mawingu, asubuhi mapema unafunua uso kwa muda mfupi, na usipoamka umekosa.

Nilifikia kwa shangazi yake, Sakina, yeye akalala kwa rafiki yake. Ndivyo mambo yanavyotakiwa kuwa kabla ya ndoa, au angalau ndivyo shangazi alivyotaka.

Jumamosi: namtafuta mfanyakazi kwenye picha

Asubuhi tulianzia Mnara wa Saa, tukapita kwenye soko la vinyago na picha. Mwenzangu akanunua bangili, mimi nikawa napekua picha za kuchora moja baada ya nyingine. Mmasai na mkuki. Wamasai watatu na mikuki. Tembo, twiga, jua linazama nyuma ya mgunga. Nikamuuliza muuzaji kama anayo picha ya mfanyakazi wa kiwandani.

Akacheka mpaka akakaa. "Dada yangu, huyo nani atamnunua? Mgeni anataka Mmasai na tembo."

Nikakumbuka kwamba hata sinema kubwa kuliko zote iliyowahi kupigwa kwenye viunga hivi, Hatari! ya mwaka 1962, ambayo ndani yake yumo John Wayne, ilichezwa kule Momella chini ya Meru na ilihusu watu wanaokamata wanyama. Kazi ya jasho, ndiyo, lakini jasho la porini. Mtu wa Unga Limited hayumo.

Na Unga Limited ndiyo niliyoifuata. Mtaa huu ulipata jina kutokana na kampuni ya kusaga nafaka, na jina limebaki kama lilivyo, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Lakini kabla ya kufika huko, mwenzangu alinipeleka Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na tangu hapo nchi hii ilianza kumtongoza mfanyakazi waziwazi. Angalia bendera ya chama kilichozaliwa mwaka 1977: jembe na nyundo. Mkulima na mfanyakazi, kama bwana na bibi harusi. Watu waliimbiwa viwanda, wakachorewa viwanda. Hapa Arusha kukawa na nguo za Kiltex, na kukawa na General Tyre, kiwanda cha matairi kilichojulikana Afrika Mashariki nzima.

Kiltex ilizima mitambo yake miaka ya 1990. Kiwanda cha matairi kikanyamaza mwishoni mwa miaka ya 2000. Siyo kwamba viwanda vyote vilikufa. A to Z, iliyoanza mwaka 1966, ilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset mwaka 2003, ikaajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Inawezekana kabisa wewe na mwenzako mnalala chini ya chandarua kilichopita mikononi mwa dada mmoja wa Arusha, na wala hamjawahi kumuwaza.

Ndani ya daladala kondakta alikuwa anapiga nyimbo za Weusi. Huu ni mji wa hip hop. Hapa ndipo walipotoka X Plastaz, walioanza mwaka 1996 na mwaka 2004 wakatoa albamu ya Maasai Hip Hop. Nikajisemea, kumbe mtaa huu unao wasanii wake. Wachoraji wamemkimbilia tembo, lakini wanamuziki wamebaki na chalii wa kitaa anayesaka riziki.

Ugomvi mbele ya ukuta

Tulifika eneo la viwanda kama saa saba mchana. Nikauona ukuta wangu: mrefu, rangi imebanduka, mabati mekundu kwa kutu, na nyuma yake Meru umejitokeza kidogo kwenye mawingu. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikatoa overoli kwenye begi.

"Siivai," alisema.

Nilidhani anatania. Nikambembeleza, nikamwambia ni dakika kumi tu, vijana waliokuwa wanapita na mkokoteni wakasimama kuangalia sinema ya bure.

"Hiyo nguo siivai. Nilishaifua vya kutosha."

Ndipo akanieleza, pale pale barabarani. Baba yake alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja mjini, si cha matairi wala cha nguo, jina naliacha. Jumatatu hadi Jumamosi alikaa kwenye chumba cha kupanga hapo Unga Limited, Jumamosi jioni anapanda nyumbani Nkoaranga. Kazi ya mtoto ilikuwa kufua overoli ya baba Jumapili baada ya kanisa. "Unajua maji yalikuwa yanatoka na rangi gani? Unajua nilikuwa natumia sabuni ngapi? Na baba anakohoa ndani, mimi nasugua nje." Mwaka 1996 kiwanda kilipopunguza watu, mzee alirudi na overoli mbili na ahadi ya mafao. Mafao aliyafuatilia miaka mingi, akapata kipande. Ada ya sekondari ililipwa na ndizi za mama.

"Wewe unaona picha nzuri," akamalizia. "Mimi naona Jumapili zangu zote."

Kusema kweli, niliumia, na mtu akiumia huwa anaropoka. Nikamwambia anaionea aibu kazi ya baba yake. Hilo ndilo neno ambalo sikupaswa kulitamka. Akaita toyo, akaniambia nipande nirudi kwa shangazi. Yeye akatembea kwa miguu.

Usiku wa mawazo

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na pete kidoleni na overoli mpya kwenye begi, nikajiuliza haya mapenzi ya moshi wa kiwanda niliyapata wapi.

Nikaanza kuhesabu. Kuna ile sinema ya mwaka 1982, An Officer and a Gentleman. Mwisho wake Richard Gere anaingia kiwanda cha karatasi akiwa na sare nyeupe ya jeshi, anamnyanyua mpenzi wake kwenye mashine, anamtoa nje huku wafanyakazi wenzake wanapiga makofi. Nimelia mara ngapi pale! Mwaka uliofuata ikaja Flashdance, binti wa Pittsburgh anayechomelea vyuma mchana na kucheza dansi usiku. Kwa wachoraji kuna Diego Rivera wa Mexico, ambaye kati ya mwaka 1932 na 1933 alijaza kuta za jumba la sanaa la Detroit na wafanyakazi wa magari, wakubwa kama miungu. Hata jinzi tunazovaa Jumamosi zilianza hivyo hivyo. Hakimiliki ya mwaka 1873 ya Levi Strauss na fundi nguo Jacob Davis ilihusu suruali za kazi zilizotiwa vipini vya shaba mifukoni ili zisichanike.

Na wala si ugonjwa wa kuletewa tu. Hapa kwetu nyimbo tamu kabisa za mapenzi zilipigwa na bendi za wafanyakazi. NUTA Jazz ilianzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa bendi ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam. Wazazi wetu walipokuwa wanakumbatiana ukumbini, mpiga gitaa alikuwa analipwa mshahara na kiwanda.

Lakini saa tisa usiku likanijia jambo moja kuhusu ile sinema ya Gere, nikakaa kitandani. Yule dada anabebwa kutoka kiwandani, na wanaopiga makofi ni wale wanaobaki. Mimi miaka yote nilikuwa namwangalia anayetoka. Wale waliobaki kwenye mashine sikuwahi kuwaangalia, wala kujiuliza Jumatatu waliamkaje.

Jumapili: Nkoaranga kwa wakwe

Asubuhi mchumba wangu alikuja na gari la rafiki yake. Hatukuongea mpaka Tengeru. Pande za Usa River niliona mabanda ya plastiki ya kulimia maua. Nikamuuliza ni ya nini, ili tu niongee. Akasema ni mawaridi ya kwenda Ulaya, na binamu yake aliwahi kuyakata kuanzia alfajiri, vidole vimejaa miiba. Nikafikiria mawaridi yote niliyowahi kupokea Siku ya Wapendanao na sikusema neno.

Nkoaranga ni kijani mpaka macho yanachoka. Migomba, kahawa, mfereji wa maji unaimba pembeni ya njia. Baba mkwe alikuwa amekaa kibarazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu? Umekosana na huyu?"

Wazee hawafichwi. Tulikula machalari, tukanywa chai, kisha mzee akataka aambiwe. Nikamwambia yote, hata neno la aibu. Mchumba wangu aliinamisha kichwa. Nilitegemea mzee akasirike. Akaingia ndani, akatoka na Biblia, na ndani yake kulikuwa na vitu viwili.

Cha kwanza ni picha ya studio ya mwaka 1977. Kijana mwembamba, overoli imepigwa pasi mpaka ina mistari, kalamu mfukoni, mkono mmoja kiunoni. Nyuma yake pazia lililochorwa maua. Huyo ni yeye, na hiyo picha alimpelekea mama.

Cha pili ni noti kuukuu ya shilingi 20 ya miaka ya 1980, ambayo nyuma yake pamechorwa kiwanda cha matairi. "Si kiwanda changu," alisema, "lakini ni mji wangu. Niliipata kwenye mshahara, nikasema hii siitumii. Tulikuwa tumewekwa kwenye pesa, mwanangu. Mtu wa kiwandani, kwenye pesa!"

Nikamuuliza, "Kwa hiyo baba uliipenda kazi?"

"Kazi yenyewe nani aliipenda? Joto, kelele, vumbi. Shifti ya usiku ndiyo usiseme. Mimi nilipenda kuwa mtu mwenye kazi. Hii overoli ukipita nayo mtaani watu wanajua, tarehe 30 huyu ana kitu. Anaweza kuoa. Nilikuwa naipiga pasi Ijumaa usiku ili Jumamosi nipande nayo huku mama yako anione."

"Nani alikuona?" mama alidakia kutoka jikoni. "Mimi niliona baiskeli!"

Tulicheka wote, hata yule aliyenuna tangu jana. Kisha mzee akanitazama na kusema taratibu, "Wakati ule ilikuwa inasema nina kazi. Ukinivalisha leo itasema nini?"

Sikuwa na jibu. Ningemjibu nini? Kwenye picha yangu ingesema kwamba mimi ni mbunifu mwenye jicho zuri. Basi. Jasho lake lingekuwa pambo kwenye gauni langu.

Lakini niligundua na jambo jingine. Mchumba wangu alikuwa ameishika ile picha ya mwaka 1977 kwa mikono miwili. Hakuwahi kuiona. Yeye aliijua overoli ya Jumapili, yenye mafuta na kikohozi. Ile ya Jumamosi, yenye pasi na matumaini, hakuwahi kuambiwa. Mimi nilikuwa nimeipenda nguo bila kuujua uchungu wake, yeye ameuchukia uchungu bila kuijua furaha yake. Nguo ni ile ile.

Tukiwa tunarudi mjini jioni nilimwomba msamaha kwa lile neno. Akaniambia, "Na mimi ningekwambia mapema, siyo kusema tutaona." Nadhani hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza ya ndoa yetu, ingawa ndoa yenyewe ilikuwa bado.

Picha tuliyopiga

Tulikuwa tumeshapiga picha kabla ya kuondoka Nkoaranga. Mzee alivaa suti yake ya kanisani, mama akavaa kitenge kipya. Tulisimama kwenye migomba, Meru ukakataa kutoka mawinguni, na mzee akashika mkononi ile picha ya mwaka 1977. Hiyo ndiyo tuliyoiweka kwenye kadi za harusi. Watu wengi wameniuliza yule kijana mtanashati mwenye overoli ni nani, nami nawapa hadithi nzima.

Ukuta wenye kutu bado naupenda, siwezi kudanganya. Bado nalia kwenye sinema ya Gere. Ila siku hizi nikiona picha ya mtu wa kazi, najiuliza kama yeye mwenyewe angechagua kupigwa vile. Ile overoli mpya nilimpa fundi wa gari wa mtaani kwetu, Sinza. Aliipokea, akaikagua mishono, akaniuliza kama sina na viatu.

Mkitaka kwenda nyinyi wawili

Bebeni makoti, hasa mwezi Juni na Julai, Arusha haina utani. Amkeni mapema kuuona mlima. Kaloleni, ingieni Makumbusho ya Azimio, kisha tembeeni mitaa ya watu badala ya kuishia kwenye soko la vinyago. Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko karibu na mji, na mnaweza kutembea kwa miguu mkiwa na askari wa hifadhi, mkayaona maziwa ya Momella.

Mkitaka kumpiga mtu picha akiwa kazini, salimieni kwanza, ombeni, na akikataa shukuruni mwende zenu. Na kama mmoja wenu ana mzazi aliyewahi kufanya kazi kiwandani, bandarini, reli au shambani, nendeni mkamuulize siku ile alipokwenda kumtongoza mwenzake alikuwa amevaa nini. Kaeni wote wawili mnapouliza. Msiende mmoja.